Ziwa la Mzee Naum

Ijumaa ile majirani walikuwa uani kwa Naum Tasevski wakichinja kondoo na kutundika taa za harusi, lakini Naum mwenyewe alikuwa ndani ya mto, maji yakimfika mapajani, akipanga makreti ya matufaha na kuyajaza mawe. Mwanawe Metodi, ambaye ndiye aliyekuwa anaoa na ambaye saa ile alipaswa kuwa kwa kinyozi, alimshikia karatasi pana ya nailoni, ile ya kufunikia miche wakati wa baridi. Mkewe Ristana alisimama ukingoni na aproni yake yenye unga, mikono kiunoni.

"Mtu mzima na akili zako," alisema Ristana, "unatengeneza ziwa."

"Sitengenezi kitu. Nalirudisha lilipokuwa."

"Na likikataa?"

"Litakataaje? Ni maji, si wewe."

Metodi alicheka kidogo, akaacha alipoona mama yake anamtazama. Ristana alimwuliza kama na yeye ameona hili ni jambo la kufanywa na watu waliobatizwa. Metodi alijibu kwamba yeye anashika nailoni tu. Ndivyo alivyokuwa Metodi tangu utoto, kijana mwema, mchapakazi, na wa kushika nailoni ya mtu mwingine.

Tuseme ukweli, mto wa kijiji chetu cha Krushitsa si mto wa kujivunia. Unatoka juu kwenye theluji za mlima Pelister ukiwa na kelele nyingi, unashuka kati ya mashamba ya matufaha, unapita nyuma ya kanisa ambako padri hutupa majani yake ya chai, unapita chini ya daraja, na kufika kwa Naum umeshachoka. Mwezi wa nane hata mlevi anauruka. Sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba uliishia katika Ziwa Prespa, na uliishia hapohapo penye uzio wa Naum. Babu yake alijenga pale makusudi. Ukoo mzima tuliuita watu wa Mlangoni, kwa sababu waliketi penye mlango wa mto, na waliringa nao kana kwamba waliuchimba wenyewe.

Kisha ziwa likaanza kuondoka. Halikuaga. Kila vuli lilirudi nyuma kidogo, na kila masika lilisahau kurudi. Wako waliosema linavuja chini ya mlima kwenda Ziwa Ohrid, wako waliosema Wagiriki wanalinywa, na padri alisema ni dhambi zetu, ingawa vijana wote walikuwa wamekwenda Uswidi na Australia na tuliobaki hatukuwa na nguvu za kutenda dhambi ya kukausha hata kisima. Mto nao ulilifuata ziwa lake, ukirefuka mwaka hadi mwaka. Watu wakapanda kabichi palipokuwa na maji, vijana wakasimika magoli ya mpira. Naum hakukanyaga ardhi ile hata siku moja. Akiulizwa anaishi wapi, alijibu, "Ziwani."

Na hilo lisingemdhuru mtu, kama asingelisema mbele ya wakwe.

* * *

Metodi alimpata Zagorka kule Bitola, katika kiwanda cha nguo ambako yeye alipakua marobota na Zagorka alishona kola. Binti alitoka Ovche Pole, upande wa mashariki, nchi ya kondoo na vumbi ambako watu huhifadhi maji ya kuoshea vyombo ili wakanyweshee nyanya. Mama yake, Parskeva, alikuwa mjane mwenye binti huyo mmoja. Alikuja Krushitsa mwezi wa kwanza na shemeji yake mwenye basi dogo ili aone binti anakwenda kwa watu gani.

Siku ile kulikuwa na ukungu wa Prespa, ule wa kumshika mgeni mkono kutoka langoni mpaka mlangoni. Naum aliwatoa wageni kwenye roshani, glasi ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, mkononi, akaunyooshea ukungu kidole. "Hapo mbele, mkwe, ndipo ziwa lilipo. Binti akifungua dirisha, anaosha uso." Chini yao mto ulikuwa ukipita, na Parskeva alisikia maji. Alifumba macho asikilize vizuri. Ristana, aliyekuwa akileta kahawa, aliangusha sinia.

Ingekuwa mzaha wa siku moja, lakini Parskeva alirudi kwao akauza shamba la mizabibu la marehemu mumewe. Kwa mauzo yale vikajengwa vyumba vitatu juu ya nyumba ya Naum, kila kimoja na roshani yake inayotazama magharibi, ili Zagorka na Metodi wapangishe watalii wa kiangazi wasije wakaishia Uswidi kama wengine. Fundi alipouliza kwa nini roshani zitazame kabichi za jirani Kozma, Naum alimwambia ashughulike na saruji yake. Metodi alikusudia kumwambia mchumba wake ukweli kila Jumapili, na kila Jumapili aliona heri Jumapili ijayo.

Sasa harusi ilikuwa imefika, na kwa desturi yetu harusi haimalizikii kanisani. Humalizika Jumatatu asubuhi, bibi harusi anapopelekwa majini kwa zumari na ngoma. Hujaza mtungi nusu maji ya mto na nusu maji ya ziwa, hutia shada la mrehani, huurudisha nyumbani na kuwanawisha wakwe mikono, baba mkwe akiwa wa kwanza. Wazee walisema maji ya mto peke yake hufanya mke wa kupita njia, na ya ziwa peke yake hufanya mke wa kulala. Mpaka atakapomnawisha baba mkwe, bibi harusi hasemi naye wala hasemi mbele yake. Zamani kimya hicho kilichukua majuma mazima. Siku hizi kimebaki cha asubuhi moja, na wapo waume wanaokililia.

Ndiyo maana Naum alikuwa ndani ya mto na makreti. Mbele ya uzio wake palikuwa na bonde la kina kifupi, ghuba ya zamani, na mto ulipita katikati yake. Ukiuziba pale unapotoka, bonde litajaa kufikia Jumatatu. Asubuhi za mwezi wa kumi zina ukungu. Alichohitaji ni ukungu wa saa moja na wageni wasiokuwa wadadisi. Kwa jambo hilo alikwenda kanisani kuwasha mshumaa mbele ya mtakatifu aliyempa jina, akamweleza shida yake waziwazi, kama mtu na somo yake.

* * *

Mtakatifu Naum alifanya kazi yake. Basi la Ovche Pole liliharibikia njiani Jumapili, wageni wakafika jua limeshazama, wakaingia kanisani kwa mishumaa, wakala, wakacheza, wakalala bila kuona hata mti. Jumatatu walipofungua madirisha, ukungu ulikuwa umekaa juu ya kijiji mzito kama maziwa ya kuganda, na chini yake, hadi kwenye nguzo za uzio, palikuwa na maji. Naum alikuwa amekokota hata mtumbwi wake wa zamani kutoka bandani, akaufunga kwenye uzio uelee. Kuku walikuwa wameutagia kwa miaka, na manyoya yalikuwa bado yameganda ndani.

Parskeva alishuka hadi ukingoni na viatu vyake vipya vya harusi. Alichovya vidole, akajipiga ishara ya msalaba, akalia machozi. "Laiti marehemu angeliona hili," alisema. "Alichota maji ya kisima maisha yake yote, na kisima chenyewe kilikuwa cha jirani."

Naum alitazama pembeni. Aliona aibu, aibu ya kweli, na kama angekuwa peke yake na mama yule huenda angesema. Lakini Demir, mpiga zumari wetu, alikuwa ameshaanza kupuliza, ndugu yake anapiga ngoma, kijiji kizima kimejipanga nyuma kikijikaza kisicheke, na bibi harusi alikuwa anakuja na mtungi begani. Zagorka alikuwa binti mrefu, mwenye nyusi nene na mwendo wa mtu aliyezoea kubeba. Alijaza nusu pale mto ulipoingilia bondeni. Akasogea hatua chache kuja kwenye kile kilichoitwa ziwa, akainama kujaza nusu ya pili.

Ukungu ukaanza kunyanyuka. Kwanza zilionekana kabichi, vichwa vyake vikiwa vimetokeza juu ya maji kwa safu zilizonyooka. Kisha akaonekana jirani Kozma, ng'ambo, amekunja suruali na kushika jembe, na karibu naye ng'ombe wake.

"Naum," Kozma aliita bila haraka. "Fungua maji yako. Kabichi zangu zinaogelea."

"Tuna harusi hapa, Kozma."

"Naiona. Nimesimama ndani yake mpaka magotini."

Parskeva alikinga jua kwa kiganja. "Yule bwana amesimama wapi, mkwe?"

"Kisiwani," alisema Naum.

"Na ng'ombe?"

"Naye yuko kisiwani."

Upepo kidogo ukapita, ukungu ukajivuta zaidi, na katikati ya ziwa la Naum yakajitokeza magoli mawili ya mpira, moja likiwa bado na wavu wake. Nyuma ya magoli palikuwa na trekta, nyuma ya trekta majaruba ya kabichi, na baada ya hapo nchi kavu isiyoonekana mwisho. Demir aliondoa zumari mdomoni. Mtu mmoja nyuma alikohoa, na kule kukohoa kukageuka kicheko, kikaenea.

"Na yale, mkwe?" Parskeva aliuliza polepole. "Samaki wenu wanacheza mpira?"

Naum alikaza kamba ya mtumbwi. Ristana ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa amechoka kuangusha masinia. Alisema ziwa lipo, ni lilelile, zuri sana, ila limehama. Liko mbele. Mbele kiasi gani? Mbele mbele, mkwe. Hili hapa ni mto tu, umezibwa kwa makreti tangu Ijumaa.

Parskeva alikaa juu ya mtumbwi, akainuka na unyoya wa kuku nyuma ya gauni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Hakupiga kelele. Alisema aliuza mizabibu ambayo mumewe aliipanda kwa mikono yake, ili binti yake afungue dirisha aone kabichi, na kwamba kabichi Ovche Pole zipo, tena kavu. Kisha akamgeukia Metodi.

"Wewe ulijua?"

Metodi aliangalia viatu vyake. "Nilijua, mama."

"Na hili dimbwi?"

"Nilishika nailoni."

Parskeva alimwambia shemeji yake akawashe basi, kama linawaka. Alimwambia Zagorka akachukue masanduku yake. Kwetu mke aliyelala usiku mmoja na kurudishwa Jumatatu hupata jina la kumfuata hadi kaburini, na nyumba iliyomrudisha hupata jina baya zaidi. Ristana alijua hivyo. Sote tulimtazama Zagorka. Baba mkwe alikuwa pale, kwa hiyo kimya kilikuwa bado kinamfunga, na yeye alikishika. Aliinamisha mtungi akamwaga maji yote chini. Akakusanya gauni mkono mmoja, mtungi mkono mwingine, akapita juu ya bwawa la makreti, akaanza kutembea kuufuata mto kuelekea lilikokwenda ziwa.

Ndugu yake wa ngoma alimwuliza Demir kwa macho. "Tumelipwa kumfuata bibi harusi," Demir alisema. "Hatukuambiwa mpaka wapi." Wakamfuata, wakipiga, na sisi tukawafuata wao. Naum peke yake alibaki.

* * *

Ilikuwa safari ya ajabu kwa viatu vya harusi. Tulipita kwanza kwenye gati la zamani, lililosimama juu ya miguu yake katikati ya nchi kavu, na mbuzi amefungwa chini yake. Tukapita boti ya kukanyagia kama baiskeli, ya kambi moja ya mapumziko iliyofungwa, imezama nusu katika udongo, bado imeandikwa bei. Baada ya hapo zilikuja safu za kombe za konokono wa ziwani, mstari baada ya mstari, kila mmoja ukionyesha mahali ziwa lilipopumzika mwaka mmoja kabla halijaendelea na safari yake.

Ristana alikuwa amemshika Parskeva mkono, kwa kuwa tope lilikuwa linanyonya viatu, na alimwonyesha kila mstari kama mtu anayeonyesha picha za ukoo. Hapa ndipo lilipokuwa Metodi alipokwenda jeshini. Hapa ndipo lilipokuwa alipofariki mama mkwe wangu, tulimlilia yeye na ziwa pamoja. Hapa ndipo lilipokuwa nchi ilipogawanyika tukaamka si Wayugoslavia tena. Parskeva hakutaka kusikiliza, lakini hakuutoa mkono. Kiatu chake kimoja kikabaki topeni, na Ristana akakirudia, akakikung'uta, akamvisha huku amepiga goti.

"Kwa nini hukuniambia mwezi ule wa kwanza?" Parskeva alimwuliza, Ristana akiwa bado amepiga goti.

"Niliogopa utaondoka naye. Nina mtoto mmoja kama wewe." Ristana alifunga kamba ya kiatu. "Na nilidhani mwanaume ataona haya mwenyewe. Miaka yote nimeolewa, bado nadhani."

Kitanda cha mto tulichokuwa tunakifuata kilikuwa na madimbwi tu. Samaki wadogo walirukaruka humo, na watoto wa Ovche Pole, ambao hawakuwahi kuona samaki asiye wa kopo, waliwakusanya ndani ya kofia ya padri. Padri aliruhusu, kisha akajuta.

Tukapita kwenye matete kwa njia ya ng'ombe, tukatokea upande wa pili, na pale lilikuwepo. Ziwa Prespa, pana, la buluu, limejaa mpaka chini ya milima ya Albania, na ndege mwari weupe wameketi juu yake kama wenye nyumba. Ngoma ilinyamaza yenyewe. Wengi wetu hatukuwa tumefika kule tangu mwaka jana, na wengine tangu enzi hizo za Yugoslavia. Parskeva alisimama na kiatu chake cha tope, mdomo wazi, na kwa muda alisahau kukasirika.

Zagorka aliingia majini mpaka vifundoni, akajaza nusu ya mtungi. Akatoka, akaenda pale mto unapopaswa kuingilia. Palikuwa na udongo mkavu uliopasuka, umetandazwa kama mkono wenye vidole vingi, na hakuna hata tone. Alisimama pale, mtungi ameunyoosha mbele, akasubiri.

"Mto uko wapi?" aliuliza Parskeva.

Ristana alifunika uso kwa aproni. "Tumeuacha nyumbani."

Hapo kicheko kilitushinda wote, Ovche Pole na Krushitsa pamoja, hata shemeji wa basi. Aliyekuwa hacheki ni Zagorka. Hakuushusha mtungi. Alimwangalia mumewe tu, na ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho kwamba hatatoka pale, wala kwenda kwa Naum wala kurudi kwa mama yake, mpaka mto uje. Metodi alivua koti, akavua viatu, akageuka, akakimbia.

* * *

Naum alikuwa ameketi juu ya bwawa lake. Kozma alikuwa amesimama karibu na jembe, akingoja kwa adabu, maana hata yeye aliona si vizuri kuvunja ziwa la mtu siku ya harusi ya mwanawe.

"Vunja, baba," Metodi alisema akihema.

"Vunja wewe. Una nguvu."

"Mimi nilishika nailoni. Ziwa ni lako."

Naum alimtazama, na alishangaa kidogo, kwa kuwa hakuwahi kujibiwa hivyo na mwanawe. Alisema alitaka waamke siku moja tu wafungue dirisha waone maji, kama alivyoyaona yeye kila siku alipokuwa mdogo. Siku moja. Baadaye angewaambia. Metodi alisema baba yake asingewaambia kamwe, na kwamba yeye pia asingemwambia mkewe kamwe, na hilo ndilo lililomtia hofu alipokuwa anakimbia. Alisema yule mwanamke amesimama topeni na mtungi, na akichoka kusimama, basi.

"Anasema nini?"

"Hasemi. Wewe ndiye uliyetaka desturi."

Naum aliinuka. Aling'oa kreti la kwanza kwa mikono yake, kisha nailoni, na kazi iliyobaki maji yaliimaliza yenyewe. Yalimwangusha chini, yakampita, yakashika njia yao ya kila siku yakiwa na haraka ya siku tatu. Kozma alimwinua kwa mkono wa koti. Metodi hakusubiri. Alikuwa ameshaanza kukimbia tena, kando ya ulimi wa maji ya rangi ya kahawa uliokuwa ukishuka kitandani ukisukuma mbele yake majani, makapi ya harusi na makreti yenye jina la baba yake.

Kule ziwani tulikuwa tumekaa juu ya kombe, rakia inazunguka. Mtoto mmoja ndiye aliyeona kwanza. Metodi alitokea katika matete peku, shati limemganda mwilini, na mto ukatokea naye. Walikuja sawia. Alipofika penye vidole vya udongo mkavu aliona maji yanatawanyika na kuzama, basi akapiga magoti akachimba kwa mikono njia moja tu, akiyaongoza, akiyatukana, mpaka miguuni kwa mkewe. Zagorka aliinama akajaza nusu ya pili, pamoja na tope lake, akatia shada la mrehani. Kisha akamfuta mumewe paji la uso kwa ncha ya shela jeupe, ambayo haikuwa nyeupe tena baada ya hapo. Demir hakuhitaji kuambiwa. Alipiga wimbo wa kurudi nyumbani.

Parskeva alirudi bado ameshikwa mkono na Ristana. Karibu na boti ya kukanyagia alimwuliza Ristana wageni wa kiangazi watafikaje ziwani kutoka vyumba vile.

"Kwa trekta," alisema Ristana. "Wanapenda mambo hayo."

"Nitakula kwanza," alisema Parskeva. "Basi litangoja."

* * *

Langoni Naum alikuwa amesimama akitungoja. Nyuma yake, palipokuwa na ziwa lake asubuhi, palikuwa na tope linalong'aa, mtumbwi umelala ubavu, na Kozma akiosha kabichi moja moja na kuzipanga. Naum alikuwa amevaa koti kavu juu ya suruali ya tope. Mikono yake ilikuwa nyeusi mpaka viwikoni. Aliinyoosha mbele, viganja juu, kwa sababu desturi ni desturi na baba mkwe ni wa kwanza, na pengine alifikiri kwamba maji yakishammwagikia, mambo yote yatakuwa yamekwisha.

Zagorka alimpita. Alimnawisha Ristana, aliyelia akilowesha taulo zaidi ya mtungi. Akamnawisha Metodi, ambaye kwa desturi hanawi kabisa. Akamnawisha mama yake, na shemeji wa basi, na Demir na ndugu yake, waliosita kwa kuwa hakuna bibi harusi wa Krushitsa aliyewahi kuwanawisha wapiga zumari. Akamwita Kozma kwa kidole kutoka kwenye kabichi, akamnawisha naye. Mtungi ukabaki na tope na mrehani. Sote tulikuwa tunaangalia ile mikono miwili iliyonyooka, na hakuna aliyecheka. Kwetu nyumba yenye mkwe asiyenawishwa haina mke.

Zagorka alirudi mbele ya Naum. Aliugeuza mtungi juu chini, mrehani ukaanguka na tone moja la tope.

"Baba," alisema.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kijijini kwetu, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko tulivyodhani.

"Maji yako yamebaki ziwani. Nenda kanawe."

Naum aliitazama mikono yake. Alimtazama mwanawe, na Metodi hakuangalia viatu. Alimtazama mkewe, na Ristana alikuwa anakunja taulo. Basi akageuka, mikono bado imenyooka mbele yake kana kwamba amebeba kitu, akapita kwenye tope la ghuba yake, akapita gati na mbuzi, akaanza kufuata mto. Kwenye mstari wa kwanza wa kombe tulimwona akisimama. Kisha akauvuka.

Zagorka alipanda ngazi, akapaka siagi kizingiti cha mlango kama inavyotakiwa, akaingia. Ristana aliuliza kama supu ipakuliwe sasa au asubiriwe mzee.

"Tule," Zagorka alijibu kutoka jikoni. "Yeye mfunikieni chake. Ni mbali."